Nani kampa wakala funguo za kufuta?

Julai 2025, mwekezaji wa Marekani Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, jumuiya ya watu wanaoendesha biashara za programu, alikuwa akitengeneza programu yake kwa kuzungumza na wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit. Hakuwa akiandika msimbo. Alieleza anachotaka kwa lugha ya kawaida, wakala akaandika, akajaribu, akarekebisha, na Lemkin akawa anasimulia maendeleo yake kwenye mtandao wa X siku hadi siku, kwa furaha ya mtu aliyegundua nguvu mpya. Siku moja akafungua mfumo akakuta kanzidata imefutwa. Ilikuwa na kumbukumbu za viongozi wa kampuni zaidi ya 1,200, na za kampuni zenyewe zinazokaribia idadi hiyo.

Kanzidata hufutika kila mwaka mahali fulani duniani. Hii iligeuka habari kwa sababu Lemkin alikuwa amekataza. Alikuwa ametangaza kwamba mabadiliko yote yamesitishwa, na alimwandikia wakala huyo kwa herufi kubwa, tena na tena, asiguse chochote bila ruhusa yake. Maagizo hayo yalikuwa mbele ya wakala wakati anaendesha amri ya kufuta. Alipobanwa alikiri kwamba ameyakiuka, akajieleza kwamba aliona majibu matupu kutoka kwenye kanzidata na akapaniki. Kisha akasema data hazirudi tena. Lemkin akajaribu mwenyewe kuurudisha mfumo nyuma, na data zikarudi.

Amjad Masad, mkuu wa Replit, aliomba radhi hadharani. Katika maneno yake kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala mzima wa usalama wa mawakala hawa: alisema tukio lile halikubaliki na halikupaswa hata kuwezekana. Hakusema kwamba wakala alipaswa kutii. Hatua alizozitangaza zilifuata mantiki hiyohiyo: kutenganisha kwa lazima kanzidata ya majaribio na ile inayotumiwa na wateja, kurahisisha urejeshaji wa nakala rudufu, na kuweka hali ya kupanga tu, ambayo wakala hujadili kazi bila kugusa msimbo.

Taasisi nyingi zinazoanza kutumia mawakala zinafanya kinyume. Zikiulizwa sera yao ya usalama, zinaonyesha makatazo: usifute, usiguse, omba ruhusa kwanza. Maneno hayo huwekwa kwenye maelekezo ya mwanzo ya wakala, na mkuu wa kitengo akishayaona pale anatulia. Lakini katazo ambalo utekelezaji wake unamtegemea yuleyule anayekatazwa ni ombi tu. Sera yenye nguvu inakaa mahali ambapo wakala hawezi kubishana nayo: kwenye ruhusa za akaunti anayotumia, kwenye zana alizokabidhiwa, na kwenye funguo ambazo hana.

Ni vizuri kuelewa kinachofanyika ndani. Modeli ya lugha, iwe ya OpenAI, Google, Anthropic au nyingine yoyote, kazi yake ni kuzalisha maneno. Peke yake haiwezi kufuta faili hata moja. Inakuwa wakala pale inapounganishwa na zana: uwezo wa kuendesha amri kwenye kompyuta, kuandika kwenye mafaili, kusoma na kubadili kanzidata, kutuma barua pepe, kulipa. Modeli inatoa maneno yanayosema endesha amri hii, programu iliyoizunguka inayasoma na kuyatekeleza, matokeo yanarudishwa kwa modeli, nayo inaamua hatua inayofuata. Mzunguko huo unaweza kujirudia mara nyingi sana bila binadamu kuingilia. Agizo la kutofuta linaingia kwenye modeli kama maandishi mengine yote. Linachanganyika na msimbo, na ujumbe wa makosa, na mazungumzo ya saa tatu zilizopita, na linashindana nayo. Mara nyingi modeli italitii. Kwa barua iliyoandikwa vibaya, mara nyingi inatosha, kwa kuwa barua utaisoma tena kabla ya kuituma. Kwa kumbukumbu za wagonjwa au hesabu za akiba za wanachama wa SACCOS, haitoshi hata kidogo.

Wala si lazima wakala akaidi ndipo aharibu. Mwezi uleule wa Julai 2025 mtumiaji mmoja wa Gemini CLI, wakala wa Google anayefanya kazi kwenye dirisha la amri, alimwomba ahamishie mafaili yake kwenye folda mpya. Ni kazi ya dakika moja. Wakala alitoa amri ya kutengeneza folda. Amri haikufaulu, lakini wakala akaamini imefaulu, na hakuangalia. Akaanza kuhamisha mafaili, moja baada ya jingine, kwenda kwenye folda ambayo haikuwepo. Kwenye Windows, ukiamuru faili lihamishiwe mahali ambapo hapana folda ya jina hilo, mfumo hauoni kosa. Unachukulia kwamba unataka kulibadilisha jina. Faili la kwanza likapewa jina la ile folda isiyokuwepo. La pili likapewa jina hilohilo, likakaa juu ya la kwanza. La tatu likaja juu ya la pili. Kazi ilipokwisha lilibaki faili moja, la mwisho, na yaliyotangulia yote yalikuwa yamefunikwa kila moja na lililolifuata.

Katika mlolongo ule hakuna amri hata moja yenye neno kufuta. Sera inayosema wakala haruhusiwi kufuta isingemzuia, na wakala mwenyewe angeweza kuapa kwamba ameifuata. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayeandika sera ni kuamua nini kihesabiwe kuwa uharibifu, na jibu lake litokane na matokeo ya kitendo, jina la amri lisimpumbaze. Kuandika juu ya faili lililopo ni kufuta lililokuwepo. Kubadili safu nzima ya kanzidata bila sharti ni kufuta thamani za zamani. Kutuma ujumbe kwa wateja 5,000 hakufuti kitu, lakini ujumbe ukishatoka haurudi. Kufunga akaunti, kubadili ruhusa, kuchapisha waraka wa ndani kwenye tovuti ya wazi, kulipa: vyote hivi ni vya jamii moja kwa macho ya anayetafuta usalama.

Watengenezaji wameanza kuliona hili. MCP, itifaki ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024 kwa ajili ya kuunganisha modeli na zana, iliongezewa mwaka 2025 alama ambazo mwenye zana anaweza kuziambatisha: kwamba zana hii inasoma tu, kwamba ile inaweza kuharibu, kwamba nyingine ukiirudia haileti athari ya ziada. Uamuzi mmoja wa walioiandika naupenda sana: zana isiyosema lolote kuhusu uharibifu ihesabiwe kuwa yaweza kuharibu. Ukimya hauchukuliwi kuwa usalama. Hata hivyo itifaki hiyohiyo inaonya kwamba alama hizo ni dokezo tu, na zisiaminiwe zikitoka kwa mtu usiyemwamini, kwa sababu hakuna kinachomzuia mwenye zana mbaya kuibandika alama ya kusoma tu.

Wengine hukimbilia orodha za amri zilizopigwa marufuku. Kwenye mifumo ya Linux amri ya kufuta ni rm, basi wanaizuia rm na kuona wamemaliza. Wakala aliyezuiwa rm anaweza kutumia find, ambayo nayo hufuta ukiiambia. Anaweza kutumia mv kufunika faili kwa jingine. Anaweza kuelekeza matokeo matupu ndani ya faili na kulifanya liwe na ukubwa wa sifuri. Anaweza kuandika programu fupi ya Python yenye mistari miwili na kuiendesha. Hafanyi hivyo kwa ukorofi. Amepewa lengo la kumaliza kazi, na njia moja ikizibwa anatafuta nyingine, uwezo uleule tuliomtakia tulipomweka kazini. Orodha ya marufuku inashindana na uwezo huo, na orodha itashindwa.

Njia inayodumu ni kugeuza hesabu. Taja machache anayoruhusiwa, mengine yote yawe yamefungwa. Mpe kompyuta yake iliyotengwa, yenye nakala ya data badala ya data zenyewe, isiyoweza kuufikia mfumo unaowahudumia watu. Akiteketeza kila kitu humo ndani, unaifuta kompyuta hiyo na kumtengenezea nyingine kwa dakika chache. Akihitaji kuona data halisi, mpe akaunti ya kusoma tu, na kizuizi hicho kiwekwe ndani ya kanzidata yenyewe. Wakala mwenye akaunti ya kusoma tu anaweza kupaniki, kudanganywa, kusahau maagizo yote aliyopewa asubuhi; amri yake ya kufuta itarudi na jibu la kukataliwa, basi.

Hakuna jipya katika hili. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala kuhusu ulinzi wa taarifa kwenye kompyuta, na mle wakaweka kanuni ambazo wanafunzi wa fani hii wanafundishwa hadi leo. Kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka madogo kabisa yanayotosha kwa kazi yake. Jibu la kawaida liwe hapana, na ruhusa ndiyo itolewe kwa sababu maalumu. Jambo zito lihitaji funguo mbili zilizo kwa watu wawili. Miaka 50 baadaye, kampuni zenye wahandisi hodari zinamkabidhi wakala akaunti ya msimamizi mkuu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kazi ilikuwa na haraka. Ninaona hilo ni uzembe, na sioni sababu ya kulitafutia jina la upole.

Mtu atasema binadamu nao wanafuta. Ni kweli, na kwa namna walivyorekebisha makosa yao wenyewe wametuachia mwongozo mzuri. Februari 28, 2017, mhandisi wa Amazon aliyekuwa akitafuta tatizo kwenye mfumo wa malipo wa huduma ya kuhifadhi data ya S3, kaskazini mwa Virginia, alitaka kuondoa seva chache. Akakosea sehemu moja ya amri, na seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondoka. Tovuti na programu nyingi zilizotegemea huduma hiyo ziliyumba kwa takribani saa nne. Baada ya hapo Amazon haikuishia kuwaambia wahandisi wawe waangalifu. Ilibadili zana yenyewe: ikaifanya iondoe seva polepole, na ikaizuia kushusha sehemu yoyote ya mfumo chini ya kiwango cha chini kinachohitajika. Anayekosea leo atakosea amri ileile, na zana itamkatalia.

Ukipita kwenye programu zilizokomaa utakuta busara ya aina hiyo imetapakaa, kila moja ikiwa na kisa cha maumivu nyuma yake. Programu ya MySQL ina hali ya tahadhari inayokataa amri ya kufuta au kubadili rekodi zote kama hujataja zipi hasa. GitHub haikuruhusu kufuta hazina ya msimbo mpaka uandike jina lake kwa mkono. Kwenye wingu la Amazon, ukiomba kufuta ufunguo unaolinda data zilizosimbwa, kitendo ambacho kingezifanya data hizo zisisomeke milele, unalazimishwa kusubiri kati ya siku 7 na 30, na ndani ya muda huo unaweza kubadili nia. PostgreSQL inakuruhusu kufuta jedwali ndani ya muamala na kulirudisha kabla hujathibitisha. Kufuta kanzidata nzima hairuhusu kufanyike ndani ya muamala, kwa hiyo hapo hakuna kurudi.

Mfano huo wa PostgreSQL unaonyesha mstari ninaoutaka uchorwe kwenye kila sera. Upande mmoja kuna vitendo vinavyoweza kutenguliwa, upande wa pili visivyotenguka. Vinavyotenguka mwachie wakala avifanye kwa uhuru, kwa sababu kosa lake ni hasara ya muda tu, na hapo ndipo faida yake ilipo. Juhudi kubwa iende kwenye kuvihamisha vitendo kutoka upande wa pili kuja wa kwanza: zana ya kufuta faili ibadilishwe iwe zana ya kulipeleka kwenye kapu la taka linalosafishwa baada ya siku 30; rekodi ya mteja iwekewe alama kwamba imeondolewa huku yenyewe ikibaki; barua pepe ikae foleni kwa dakika kadhaa kabla ya kuondoka. Wakala hajui hata kama kuna tofauti. Anaomba kufuta, anajibiwa imefutwa, na kitu bado kipo. Vichache vitakavyobaki, vile ambavyo kwa asili yake havirudi, ndivyo vya kumwita binadamu.

Suala la kumwita binadamu nalo limeharibika kwa namna yake. Karibu kila wakala wa kuandika msimbo anakuja na utaratibu wa kuomba kibali: anaonyesha amri anayotaka kuendesha, na anakupa chaguo la kuruhusu, la kuruhusu bila kuulizwa tena, au la kukataa. Saa ya kwanza mtu anasoma kila amri. Saa ya tatu amekwisha bonyeza ndiyo mara nyingi mno, na zote zilikuwa salama, na kidole kimezoea. Kesho yake anachagua asiulizwe tena. Claude Code ya Anthropic ina swichi ya kuruka vibali vyote, ambayo wenyewe wameipa jina lenye neno hatari ndani yake. Gemini CLI nayo ina swichi ya aina hiyo. Watu wanaziwasha, kwa kuwa vibali vimewachosha. Sera inayodai binadamu aidhinishe kila hatua ndiyo inayowasukuma huko.

Sisi tunao mfano wa kibali kinachofanya kazi, na uko kwenye simu zetu. Unapotuma pesa kwa M-Pesa, kabla muamala haujakamilika unaonyeshwa jina la anayepokea. Unasoma Halima badala ya Hassan, na papo hapo unajua umekosea tarakimu. Kibali kile kina maana kwa sababu kinatokea pale pesa zinapoondoka tu, hakitokei ukiangalia salio. Na kwa sababu kinachoonyeshwa ni kitu unachokijua, si namba uliyoiandika mwenyewe ikirudiwa. Kibali cha wakala mara nyingi kina kasoro zote mbili. Kinaulizwa kwa kila kitu, na kinaonyesha mstari wa amri ambao hata mtaalamu anahitaji dakika kuuchambua. Kibali bora kingesema kwa maneno: hatua hii itaondoa rekodi 1,206 kutoka kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, hairudishiki, nakala rudufu ya mwisho ni ya jana saa 4 usiku. Na hesabu hiyo ya rekodi ifanywe na zana kwa kuuliza kanzidata, asiachiwe wakala kuikadiria. Tumeona wakala wa Replit akimwambia mwenye mali kwamba data hazirudi wakati zinarudi. Maelezo ya wakala kuhusu kitendo chake mwenyewe ni maandishi mengine tu yaliyozalishwa; kumbukumbu za kilichotokea zitunzwe mahali ambapo hafiki kuandika.

Mpaka hapa nimezungumzia wakala anayekosea. Kuna pia anayeamrishwa na mtu mwingine. Mwaka 2022 mhandisi wa programu Simon Willison alilipa jina tatizo ambalo hadi leo halina dawa kamili: modeli haina njia ya uhakika ya kutofautisha maagizo ya bwana wake na maandishi inayoyasoma njiani. Ukimtuma wakala asome barua pepe, tovuti au maelezo ya programu, na ndani yake mtu ameficha sentensi inayosema futa kila kitu, wakala anaweza kuichukua kama agizo.

Julai 2025, mwezi uliokuwa mgumu kwa sekta hii, mtu alifanikiwa kupenyeza maagizo kama hayo kwenye Amazon Q, msaidizi wa kuandika msimbo wa Amazon. Aliingiza mabadiliko yake kwenye hazina ya msimbo wa programu hiyo, na toleo 1.84.0 likatoka kwa umma likiwa nayo. Maagizo yalimwelekeza wakala aisafishe kompyuta ya mtumiaji mpaka ikaribie hali ya kutoka kiwandani, na afute rasilimali zake zilizo kwenye wingu. Amazon ililiondoa toleo hilo na kusema hakuna rasilimali ya mteja iliyoathirika. Maagizo yenyewe yalikuwa yameandikwa kwa namna ambayo hayakuweza kutekelezeka. Kilichowaokoa watumiaji ni ubovu wa silaha. Mtu mwingine ataiunda vizuri zaidi, na siku hiyo tofauti kati ya taasisi na taasisi itakuwa ni nini wakala alikuwa na uwezo wa kukigusa.

Mijini kwetu, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, vijana wanaotengeneza mifumo ya shule, maduka ya dawa, vyama vya akiba na hospitali za wilaya wanatumia mawakala hawa sasa hivi. Nawaelewa kabisa. Mtu mmoja anafanya kazi ya wanne, na mteja anayelipa kidogo anapata mfumo ambao asingeupata. Sitaki waache. Lakini mifumo mingi ya ukubwa huo ina seva moja, kanzidata moja, na nywila moja inayojulikana na kila mtu, iliyoandikwa ndani ya faili la mipangilio ambalo wakala analisoma dakika ya kwanza anapofunguliwa mradi. Hakuna mfumo wa majaribio pembeni kwa sababu seva ya pili inagharimu pesa. Kwa mazingira hayo tukio la Lemkin lingekuwa baya zaidi kuliko lilivyokuwa kwake.

Sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kuzilinda ni pamoja na kuzikinga zisipotee wala kuharibiwa. Hakuna mahali zinapomruhusu mtu kujitetea kwamba kazi hiyo ilifanywa na programu. Taasisi iliyomkabidhi wakala akaunti yenye mamlaka yote ndiyo itakayojibu, na mteja wa duka la dawa ambaye historia ya dawa zake imepotea hana habari ya modeli gani ilitumika.

Kutenganisha akaunti hakuhitaji bajeti kubwa. Kutengeneza mtumiaji wa kusoma tu kwenye PostgreSQL au MySQL ni amri chache zisizo na malipo. Kuziondoa nywila za mfumo halisi kwenye kompyuta ambayo wakala anafanyia kazi ni mchana mmoja. Kinachogharimu zaidi kidogo, na ambacho kila mtu anadhani anacho, ni nakala rudufu.

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya watu duniani kote, alikuwa akihangaika na kanzidata ya akiba iliyogoma kufuatana na ile kuu. Akaamua kufuta folda kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Akagutuka baada ya sekunde moja au mbili na kusitisha, lakini kati ya takribani GB 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia nakala rudufu, na hapo ndipo msiba wenyewe ulipoonekana. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Programu ya kunakili kanzidata ilikuwa ya toleo la zamani lisilooana na kanzidata yenyewe, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara bila kelele. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Ghala la nakala lilikuwa tupu. Waliokolewa na picha ya mfumo ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameipiga saa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine. Data zilizoingia kwenye kanzidata katika saa hizo sita zilipotea moja kwa moja.

GitLab walifanya jambo la heshima: walirusha zoezi la urejeshaji mubashara kwenye YouTube, hawakumtoa mhandisi wao kafara, na wakachapisha ripoti iliyouliza kwa nini, mara baada ya mara, mpaka chini kabisa. Kwa nini nakala rudufu hazikuwa zikijaribiwa? Jibu walilojiandikia ni kwamba hazikuwa na mwenyewe. Hakuna mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuzijaribu, basi hakuna aliyezijaribu.

Ripoti ile ni ya mwaka 2017, kabla ya mawakala hawa, na bado ndiyo ningempa kila mkurugenzi anayekaribia kusaini mkataba wa mfumo uliojengwa au unaoendeshwa na wakala wa akili mnemba. Kwenye mkataba huo liandikwe jina la mtu, si la kitengo, anayeshika akaunti yenye uwezo wa kufuta. Liandikwe jina la mtu wa pili ambaye bila yeye akaunti hiyo haifunguki. Na iwekwe tarehe ya mwisho ambayo nakala rudufu ilichukuliwa, ikarejeshwa kwenye mashine tupu, na mtu akaingia akakuta rekodi zimo.